Namna ya Kuingia Chuo Kama Mwaka wa Pili

Mdogo wangu, mtihani wa kidato cha sita umeumaliza mwezi wa tano, na chuo hakifunguliwi mpaka mwishoni mwa mwezi wa kumi, pengine wa kumi na moja. Katikati hapo una miezi mitano isiyo na kengele, paredi wala mwalimu wa zamu. Hapa Mbalizi nimewaona wengi wakiimaliza miezi hiyo wamekalia pikipiki zisizo zao karibu na stendi, wanahesabu malori yanayokwenda Tunduma. Mimi nataka uimalize ukiwa tapeli. Tapeli wa heshima, anayeingia chuo siku ya kwanza watu wakadhani ni mwaka wa pili. Najua unapenda kuonekana. Nani asiyependa? Basi tuitumie hiyo hiyo.

1. Lala

Wiki ya kwanza lala mpaka jua liingie dirishani. Umestahili. Ya pili lala nusu. Ikifika ya tatu bado umejifunika blanketi, baridi ya mwezi wa sita itakuzoesha vibaya, na kuamka kutakuwa kazi mpaka mwezi wa tisa.

2. Kama umeitwa JKT, nenda

Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994 yakarudi 2013, na wahitimu wa kidato cha sita ndio huitwa. Unaweza kupangiwa Itende hapa Mbeya, Mafinga, au mbali kabisa. Kabla ya kuondoka, vyeti vyako vyote viwe vimeshashughulikiwa na nakala zake ziwe mikononi mwa mtu wa nyumbani anayejua kutumia simu. Ukiwa kambini hutakuwa na nafasi ya kufuatilia muhuri.

3. Jipenyeze steshenari

Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kuna vile vibanda vya steshenari vyenye kompyuta moja, mashine ya kopi na benchi la wateja. Bodi ya Mikopo ikishafungua dirisha la maombi, benchi hilo halikauki watu. Nenda kwa mwenye kibanda, mwamkie vizuri, mwambie: "Dada, nitakufagilia, nitakupangia foleni, nitakutolea kopi. Sitaki hela, nataka nikae pembeni ya hiyo kompyuta." Msimu wa maombi hakuna anayekataa mikono ya bure.

Kwa wiki tatu utajua kuchapa bila kudonoa herufi moja moja kama kuku, kuskani, kupunguza ukubwa wa faili, kutuma barua pepe yenye kiambatanisho. Wenzako wengi hayo watajifunzia chuoni, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya kwanza, kwa kumlipa mtu awachapie.

Ila shule yenyewe ipo kwenye makosa ya watu. Siku moja nilikaa kwenye benchi kama hilo na kijana wa kutoka Utengule pamoja na mama yake. Mama alileta vyeti ndani ya mfuko wa sukari uliofungwa kwa kipande cha kanga. Jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa na y katikati. Kwenye cheti cha kidato cha nne y haikuwepo. Mama aliweka kidole juu ya ile herufi, akasoma mara mbili, akauliza polepole, "Sasa huyu si ndiye yule yule?" Ndiye, mama, lakini kompyuta haimjui kwa sura. Ikabidi wapande daladala kwenda mjini kutafuta wakili, mtoto aape kwamba yeye ni yeye. Walipoteza siku nne na nauli ya watu wawili kwa herufi moja.

Wewe vyako vikague leo, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo vilevile. Shika namba ya NIDA ya mdhamini wako, picha za pasipoti, saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa kamishna wa viapo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo iwe ile ile unayoombea mkopo. Waliorisiti wana namba mbili, na wengi wao hunasa hapo. Mwenyekiti naye usimfuate siku ya mwisho jioni. Mfuate asubuhi kabla hajaenda shamba, umwamkie mpaka uulize hali ya mahindi, ndipo utoe karatasi.

Na ujue unachosaini. Huo ni mkopo: ukishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakuwa inakatwa mpaka deni liishe. Mwambie na mdhamini, asije akalisikia neno hilo kwa mtu mwingine.

4. Feli kwa adabu

Matokeo kwa kawaida hutoka mwezi wa saba, na huwekwa mtandaoni shule kwa shule. Maana yake ni kwamba shangazi yako anaweza kuyaona kabla yako. Kwa hiyo yakitoka mabaya, wahi. Wewe uwe wa kwanza kuyatamka nyumbani, ukiwa umekaa, mchana, baba akiwa ameshakula. Usianze na maelezo ya mtihani ulivyokuwa mgumu. Anza na mpango.

Fanya hesabu kwanza, usije ukalia bure. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayotakiwa na kozi unayoiomba, kwa hiyo hata D mbili zinakufikisha mlangoni, ingawa kozi nyingi zinadai zaidi. Ukipungukiwa, njia zipo. Kuna stashahada, na zingine zinatolewa hapa hapa Mbeya, pale Iyunga, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kuna kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kipo tangu 1992. Kuna kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chagua moja, ulizia ada yake na siku ya mwisho ya kuomba, uiandike kwenye karatasi. Baba akiuliza "Sasa?", mpe karatasi. Nimeona nyumba ikitulia kwa karatasi ya namna hiyo, na binti aliyeiandika leo ni fundi sanifu anayetafutwa mpaka Vwawa.

5. Kozi usiichagulie harusini

Najua kozi unayoitaka: ile ambayo mshereheshaji akiitaja ukumbi mzima unageuka. Sawa, iweke kwenye orodha. Lakini kabla ya kuipa nafasi ya kwanza, tafuta masomo yake ya mwaka wa tatu uyasome majina yake yote. Yasipokupa hamu hata moja, jina la kozi halitakuamsha saa kumi na moja alfajiri. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja vyuoni, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kila mwaka hutoa kitabu cha mwongozo chenye kozi na vigezo vyake. Kisome chenyewe, usisomewe kijiweni. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri unayotumiwa, kabla dirisha halijafungwa.

6. Jizoeze utajiri

Posho ya chakula na malazi, ile wanayoiita boom, huja kwa mkupuo. Mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Siku 60 ni laki sita. Mtu aliyekuwa anapewa mia tano ya andazi anaamka na laki sita kwenye simu! Siku ya tatu ana viatu vipya. Siku ya arobaini anapiga hodi chumba cha jirani wakati ugali unaiva.

Dawa yake iko nyumbani. Mwombe mama akukabidhi hela ya sokoni ya wiki nzima, yote siku ya Jumatatu, na wewe ndiye uilishe nyumba mpaka Jumapili. Hapo ndipo utajua kwamba viazi vinavyoshuka Umalila kwa barabara ya Shigamba ni bei nyingine ukivinunua alfajiri lori linapopakua, na bei nyingine saa nne. Utajua kupima sado kwa jicho. Utajua kwamba maharage yakichemshwa mengi mara moja mkaa unatosha siku tatu. Ukiharibu, familia itakula ugali na chumvi Jumamosi na kaka zako watakuimba mwezi mzima. Vizuri. Afadhali kuharibu mbele ya wanaokupenda.

Na tafuta yako kidogo. Mwezi wa sita na wa saba kuna mahindi ya kuvuna, kahawa ya kuchuma, viazi vya kupakia. Weka akiba ya kula wiki nne, maana boom huweza kuchelewa na kuna michango ya usajili ambayo mkopo hauigusi.

7. Iba mwanzo

Kila mtaa una aliyetangulia chuo. Mfuate na soda, umwombe madesa yake ya mwaka wa kwanza. Usiyasome yote, huna haja. Soma mada mbili za mwanzo tu za kila somo, kwa Kiingereza, kwa sauti, mpaka maneno yasikukwame mdomoni. Kwenye vyuo vingi utakutana na stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo, hata ukiwa mhandisi. Semina ya kwanza mwalimu atauliza swali, ukumbi utainama. Wewe nyosha mkono. Jibu lako likiwa nusu sahihi linatosha. Kuanzia siku hiyo watu watataka kuwa kundi lako, na kwenye kundi la wanaosoma utasoma upende usipende.

8. Ikague nyumba kabla ya kuhamia

Kama ni Iyunga, umebahatika, ni nauli ya daladala tu. Nenda wiki moja kabla, vaa kawaida, msalimie mlinzi, umweleze ukweli. Tafuta vitu vitano: ofisi ya usajili, maktaba, maji ya kunywa, choo kisafi, na mama ntilie ambaye wali wake haubani bajeti. Kama ni Mkwawa kule Iringa, iliyokuwa sekondari mpaka ikageuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, au Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpigie aliyetangulia akuelekeze, nawe uchore. Anayekwenda Mlimani ajue ukumbi wa Nkrumah uko upande gani na madarasa ya Yombo upande gani kabla hajashuka kwenye basi. Chora kwa mkono, simu huzimika.

Siku ya usajili fika mapema, nyaraka zikiwa kwenye faili moja kwa mpangilio wa fomu, kopi tatu za kila kitu. Utamkuta mwenzako amesimama na begi kichwani, jasho linamtoka, hajui foleni inaanzia wapi. Mwonyeshe. Mpe kopi moja kama ana upungufu, umpeleke kwenye maji. Akikuuliza, "Kaka, wewe mwaka wa pili?", mwambie hapana, wa kwanza, natokea Mbalizi, halafu shika upande mmoja wa begi lake.