Hongera, Mvuvi, Una Afya Njema

Mwaka 2024 Zambia ilipandisha kiwango cha mshahara usiokatwa kodi hadi kwacha 5,100 kwa mwezi. Nafuu hiyo ilipofika Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kwenye soko la samaki la Kashikishi, iliulizia hati za mshahara ikaonyeshwa chisense, samaki wadogo kama dagaa, wanaoanikwa juani.

Basi kuna fedha za kaya maskini, mpango ulioanzia Kalomo mwaka 2003. Huo unawatazama wazee, walemavu, wagonjwa wa muda mrefu. Kijana mwenye mikono miwili na mtumbwi wa kuazima? Atoke kwenye foleni. Yeye ni tajiri wa misuli.

Halafu, kila Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi Ziwa Mweru hufungwa samaki wazaliane. Sina ugomvi na sheria hiyo, ila samaki wana likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na mvuvi ana likizo bila malipo. Kwingine mwenye nguvu hasahauliki: Singapore, tangu 2007, huwaongezea kipato wenye ujira mdogo, hata waliojiajiri, mradi wanafanya kazi na kutimiza masharti ya umri na mengineyo.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, bajeti ijayo mtafutie na huyu mwenye afya fungu lake.