Magongo ya Nini?

Wenzetu Wamarekani wanahangaika kupima kama soka imeshaizidi hoki ya barafuni kwa mashabiki. Wangepita kwetu Mpanda tu. Huku hesabu ilishafungwa: kuna Simba, kuna Yanga, halafu kuna watu wasiopenda michezo.

Na tuko sahihi. Mpira wa magongo, yaani hoki ya uwanjani tunayoijua sisi, umetufanyia nini? Ulitupeleka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, tukashika nafasi ya sita, basi. (Timu zilikuwa sita, lakini tusiharibu sifa.) Riadha nayo ikarudi kutoka hukohuko na medali mbili za fedha, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, vitu vidogo, vinaingia mfukoni. Taifa Stars haina papara hizo. Kombe la Dunia linaisubiri mpaka leo, tena kwa adabu.

Ndiyo maana siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga zikikutana, bodaboda wetu anaegesha pikipiki, analipa kiingilio bandani, na kununiana na shemeji yake kwa ajili ya mtaa ulio safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mabinti wa netiboli hapo jirani tumewaachia utulivu wao. Hata mpira ukitoka nje, wanaufuata wenyewe, bila shabiki wa kuwabughudhi.