Yuko Ukonga, Simu Inasema Mombasa

Dada anashuka daladala kituo cha Mombasa, ananunua chipsi mayai, anajipiga picha na sahani yake na kuitupia mtandaoni. Sehemu ya lokesheni anaandika "Momb", orodha inateremka, anagusa jina la kwanza. Chipsi hazijapoa, shangazi kapiga simu kutoka Tanga: umevuka mpaka lini, umefikia kwa nani, na nauli kakupa nani? Mombasa ya dada iko Ukonga, njia ya Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam. Mombasa ya simu ina bandari, feri ya Likoni na Fort Jesus. Maelezo yalimaliza vocha yote ya shangazi.

Dar es Salaam ni mji mgumu kwa mashine. Mtu anaweza kutoka Morocco mpaka Victoria kwa miguu bila pasipoti, ingawa jasho halitamkosa. Na si Dar peke yake: Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Mombasa, iko Nairobi. Soweto iko Mbeya, mbali na ile ya Johannesburg inayojulikana dunia nzima. Wenyeji hawapotei, kwa sababu hawatumii jina peke yake; wanasema ile ya kule, karibu na sheli, ukiuliza mtu atakuonyesha. Kisanduku cha kutafuta mahali hakina sehemu ya "ukiuliza mtu".

Mbezi ndiyo imetesa wengi zaidi. Iko Mbezi Beach, barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Iko na Mbezi ya barabara ya Morogoro, ambako mwaka 2021 kilizinduliwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Magufuli. Mwalikwa wa harusi ya ufukweni akichagua Mbezi isiyo yake, anajikuta na suti yake ya kijivu katikati ya makondakta wanaomnyang'anya begi la zawadi wampeleke Iringa. Bibi harusi hatamsamehe, hata akiletewa picha ya ushahidi.

Kosa linatoka wapi? Simu yenyewe inajua ilipo. Inapokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 na ushei, na mahali pa wazi inakosea kwa mita chache tu. Lakini kinachopatikana ni namba mbili, za latitudo na longitudo, na hakuna anayetupia picha ya birthday na kuandika namba. Kwa hiyo programu inazipeleka namba kwenye daftari kubwa la majina, kisha inayapanga kwa kawaida kwa ukaribu, kwa herufi ulizoandika na kwa umaarufu wa mahali. Hapo kwenye umaarufu ndipo Ukonga inaposhindwa na Kenya.

Wazungu nao yamewakuta. Mwaka 2002 vijana wawili wa Uingereza walinunua tiketi mtandaoni kwenda Sydney, wakatua Sydney kweli, ila ya Nova Scotia, Kanada. Walikuwa wamejiandaa kwa Australia.

Tena daftari lenyewe limeandikwa na watu, si malaika. Kabla ya vijana wa Map Kibera kuanza kazi mwaka 2009, Kibera nzima ya Nairobi, na maelfu ya nyumba zake, ilikuwa karibu nafasi tupu kwenye ramani ya OpenStreetMap. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo mitaani kuanzia mwaka 2015, wakaingia hadi Tandale kuandika mifereji na nyumba, hasa kwa ajili ya mafuriko. Wasipoenda watu wa aina hiyo, mtaa hauna jina. Wakienda wenye mzaha tu, unapata gheto la mtu limesajiliwa kama hoteli ya kitalii, na saluni moja yenye majina manne, moja likiwa na tusi.

Picha isiyo na namba sahihi nayo ina pa kwenda. Mashine ikikosa jibu mara nyingine huandika sifuri na sifuri, na mahali hapo papo: ikweta inapokatana na mstari wa Greenwich, katika Ghuba ya Guinea. Wachora ramani wamepabatiza Null Island. Nchi kavu hakuna.

Mchezo huu wa kutangaza ulipo ulishika kasi mwaka 2009, Foursquare ilipozinduliwa Marekani na kumpa cheo cha meya mtu anayefika mahali mara nyingi kuliko wenzake. Watu wazima wakawa wanagombea umeya wa mgahawa wa kahawa. Mwaka uliofuata ukazaliwa mtandao wa Please Rob Me, uliokusanya matangazo hayo na kuwakumbusha wenyewe kwamba anayesema yuko mgahawani anasema pia kwamba nyumbani hayupo.

Ila mfalme wa mkasa huu ni John McAfee, tajiri aliyejenga jina lake kwa programu za kulinda kompyuta. Desemba 2012 alikuwa mafichoni, polisi wa Belize wakitaka kumhoji. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye wakatoa picha yake mtandaoni kwa majigambo, na ndani ya picha simu ilikuwa imeacha latitudo na longitudo. Dunia ikajua yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikuwa mikononi mwa polisi wa huko.

Huku kwetu hahitajiki polisi. Kijana kachukua ED, ile ruhusa ya ugonjwa, ofisini: tumbo linamsumbua. Jioni picha inamwonyesha Bagamoyo, pweza mkononi, na bosi ndiye wa kwanza kuweka alama ya moyo.

Basi msomaji, kabla hujagusa jina la kwanza, soma maandishi madogo yaliyo chini yake. Mara nyingi mji na nchi vipo hapo. Zima lokesheni ya kamera unapopiga watoto picha nyumbani. Picha za safari zitupie ukisharudi. Na kadi ya harusi ya Mbezi iandikwe barabara, jina la ukumbi, na namba ya simu ya mjomba atakayepokea.