Wazee wa Marekani Wameingia Ihanja

Siku hizi ukidai deni lako hapa Ihanja hulipwi hela, unalipwa msemo. Jirani yangu nilimkopesha pesa ya kukodi maksai msimu wa kulima. Alizeti imepandwa, imekomaa, imekatwa, kimya. Nikamkumbusha kistaarabu kwenye simu, akanitumia picha ya mzee wa Kizungu mwenye upara mbele na nywele zinazogusa mabega, na chini yake maandishi: “Wakati ni pesa. Benjamin Franklin.” Kama wakati ni pesa kweli, basi huyu bwana amekaa na vyangu vyote viwili.

Na si yeye peke yake. Alfajiri, mbuzi hawajafunguliwa, simu inatetemeka: Jefferson kasema, Washington kasema, Franklin kasema. Wilaya yetu ya Ikungi ina madiwani, watendaji na wenyeviti wa vitongoji, wote hawajambo kwa maneno, lakini watu wangu wanaona hayatoshi, wanaagiza mengine Marekani, tena ya miaka ya 1700.

Huyo Franklin ndiye mzee wa kwenye noti ya dola 100. Sisi sura yake tumeifahamu kabla ya noti. Nikamchunguza nijue ananidai nini. Kumbe alikuwa mchapaji kule Philadelphia, na kuanzia mwishoni mwa 1732 akawa anatoa kalenda kila mwaka kwa jina la kubuni, Richard Saunders, katikati ya tarehe na utabiri wa mvua anachomeka misemo. Mingi aliiokota kwa watu, na alikiri mwenyewe. Yaani alikuwa anafowadi kama shemeji yangu, tofauti ni kwamba yeye kalenda ziliuzika. Huo wa wakati ni pesa aliuandika 1748, akimshauri kijana anayeanza biashara. Mwaka huohuo, umri miaka 42, akamkabidhi mwenzake shughuli za kiwanda akaenda kupumzika. Mwenyekiti wetu wa kikundi cha kukopeshana ana tabia hiyohiyo, ila yeye hajawahi kuwa na kiwanda.

Kuna mama wa jumuiya yetu sitamtaja. Ukimwendea na shida anakujibu, “Biblia inasema, jisaidie nami nitakusaidia.” Nimemwambia Biblia haisemi hivyo. Yako maneno ya jinsi hiyo kwenye kalenda ya Franklin, na yeye hakuwa wa kwanza, Wagiriki wa kale walikuwa nayo kwenye hadithi zao. Mama akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia, akasema ataniombea.

Lakini anayenimaliza ni mpwa wangu. Kamaliza kidato cha nne, anasubiri mambo yake, nikampa mbuzi achunge asubirie huko porini. Siku moja narudi nakuta mbuzi wako kwenye mtama wa watu, yeye yuko chini ya mwembe na simu. Kufoka sijamaliza, akainuka kama yuko bungeni: “Mjomba, nipe uhuru au nipe kifo!”

Nikamwambia hapa kuna mbuzi. Hivyo viwili vingine sina.

Maneno hayo wanasema ni ya Patrick Henry, aliyahutubia tarehe 23 Machi 1775 kanisani, mji wa Richmond, Virginia. Hotuba yenyewe haikuandikwa siku ile. Haya tunayoyasoma aliyachapisha William Wirt kwenye kitabu chake cha mwaka 1817, wakati Henry alikuwa kaburini tangu 1799. Na mzee huyo mwenye kiu ya uhuru alikuwa na watumwa. Mwaka 1773 aliandika kwenye barua kwamba utumwa ni uovu, lakini kuishi bila watumwa kungemletea usumbufu. Usumbufu! Jefferson naye ndiye aliyeandika lile azimio la uhuru wa Marekani la tarehe 4 Julai 1776, kwamba watu wote wameumbwa sawa na wana haki ya kuishi, kuwa huru na kuitafuta furaha. Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600.

Ndiyo nikajua walipata wapi nafasi ya kutunga sentensi tamu namna ile. Mtu ambaye shamba lake linalimwa na wengine ana mchana mzima wa kupanga maneno. Mpwa wangu naye, kila anapopandisha stetasi ya uhuru, mbuzi ninao mimi.

Tena kama ni uhuru, wa kwetu upo na msemo wake upo: Uhuru na Kazi. Aliyeuhimiza, Mwalimu Nyerere, tunaisikia sauti yake redioni mpaka leo, haihitaji kitabu cha Wirt. Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera kupanda, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama. Alipoacha urais 1985 alirudi Butiama, akashika jembe. Sasa niambie nani kwenye grupu letu anautuma msemo huo. Hakuna. Mwalimu wanamtumia kwa picha yenye ushauri wa kutajirika mtandaoni, mtu aliyefariki 1999.

Juzi nikautuma mimi. Nikaandika: Uhuru na Kazi, kesho saa moja asubuhi napura alizeti, karibuni. Madole gumba yakamiminika, mengine na bendera ya taifa.

Asubuhi nimetandaza turubai, vichwa vya alizeti vimelundikana, kuku wa mtaa mzima wamewahi nafasi za mbele. Akatokea bibi wa nyumba ya pili na fimbo yake mkononi na ungo kichwani. Bibi huyu ana kitochi, grupu halijui, alisikia fimbo zinalia akaja. Tukapiga, tukapepeta, gunia la kwanza likajaa. Ndipo akaniuliza, maana jina analisikia kila anapopita kijiweni:

“Baba, hivi huyo Franklin mnayemsema, gunia anachukua kwa bei gani?”