Ujanja wa Kufika Zahanati Mkiwa Wawili

Usijaribu kupambana na aibu uso kwa uso. Aibu ina nguvu, nawe una familia ya kulisha na mikorosho ya kupulizia salfa. Ipige chenga. Nitakupa njia za mkato ambazo mtu wa Newala au Masasi anaweza kuzitumia na mwenzake, wakapimwa magonjwa ya zinaa na kutibiwa bila kijiji kupata cha kusimulia.

Kwanza, wahi kabla ya hela. Minada ya korosho ikianza Oktoba, malipo yanaingia benki, wanaume wanateremka Masasi kuyafuata, wengine wanalala gesti, na uraka hauna mwisho. Yanayofuata unayajua. Basi pimeni Septemba, mifuko ikiwa mitupu na vichwa vimetulia. Msimu ukifika, tia kondomu kwenye mkoba ule ule wa stakabadhi. Usijiapize kwamba hutaihitaji. Itie tu, ufunge mkoba.

Pili, tafuta sababu ya safari. Zahanati ya kijijini ina faida ya ukaribu, lakini huenda anayeandika majina pale dirishani ni shemeji yako. Hakuna ubaya kwenda mbali. Panda gari la Masasi ufike Mkomaindo, au uendelee hadi Ndanda kwenye hospitali ya misheni. Anayekuona stendi atadhani umefuata benki. Aliye Masasi naye apande Newala. Akikuuliza mtu, sema umekwenda kupima presha, kisha uipime kweli, maana nayo ina faida yake. Majirani unaweza kuwapoteza maboya.

Ruhusa hiyo inaishia kwenye kizingiti cha nyumba yako. Mwenzako usimfiche. Usimsagie vidonge ukamtilia kwenye uji ili atibiwe bila kujua: hujui kama ana mzio, hujui kama ni mjamzito, na dozi ya namna hiyo haikamiliki. Mwambie.

Tatu, jifunze namna ya kumwambia. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nakupa maneno yenyewe. Mwanamume, ngoja watoto walale, useme: “Mama Somoe, nilikuwa nasikia maumivu nikikojoa. Nimekwenda hospitali, nimepewa dawa. Wamesema ya kwangu haitafaa kitu kama wewe hujapata ya kwako.” Mwanamke, mtume nesi mbele yako: “Baba Somoe, kliniki wananitaka nije na wewe.” Mwanamume anayekataa kuitwa na mkewe huenda akamsikiliza mtaalamu, na huo ni udhaifu wa kuutumia. Mwombe mhudumu karatasi ya kumwita mwenza. Kama mume wako ana mkono mwepesi, mweleze nesi hilo mapema, faraghani, mpange pamoja namna ya kumwita.

Kisha funga mdomo kwenye swali moja: nani kaleta? Usiliulize, na ukiulizwa usilijibu usiku huo. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili. Kisonono mwanamume kwa kawaida hukisikia ndani ya siku chache, lakini wanawake wengi hawasikii chochote. Kaswende hujificha miaka. Ndiyo maana kipimo cha leo hakiwezi kukuambia nani alianza wala lini. Nimeona ndoa zikivunjwa na hesabu za tarehe ambazo hata daktari asingeweza kuzipiga, na inaniuma, kwa sababu dawa ilikuwepo dirishani.

Nne, njia moja ya mkato nakukataza. Usiende duka la dawa kunong'ona upewe kapsuli za rangi mbili. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi za zamani, na kaswende inataka sindano ya penisilini aina ya benzathini. Kidonda cha kaswende hakiumi, na baada ya wiki chache hupona chenyewe. Utaishukuru kapsuli, kumbe ugonjwa umeingia ndani zaidi, na mkeo akishika mimba unaweza kumfikia mtoto: mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa mfu au mgonjwa.

Wala msigawane dozi ya mtu mmoja. Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa sana: ukipulizia mkorosho wako ukauacha wa pembeni, ubwiri unga unarudi. Mezeni wote, mmalize, na mlale bila kukutana siku 7 baada ya matibabu. Mkiagizwa msiguse pombe pamoja na dawa, uraka usubiri.

Tano, itumie fahari ya mwanamume. Anapenda kutangulia. Mwambie kwamba kliniki nyingi za wajawazito humhudumia mapema mama aliyekuja na mumewe. Atavaa shati lililopigwa pasi. Anapenda siri. Mwambie kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mtu mzima anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe, hata chumbani kwake, na kipimo kikionyesha virusi ndipo aende kituoni kuthibitisha. Ila asijifariji kwa majibu ya mkewe. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, miaka kadhaa. Aliye navyo akimeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwa habari kama hii inafaa kupanda gari hata mara mbili.

Ukiona maneno yako hayatoshi, azima sauti ya mkubwa. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilipa nafasi ndani ya kanisa, kwa kuwa alijua vijana wanamsikiliza nani. Nanyi mwendeeni kungwi au nyakanga anayeheshimika, mumpeleke kwanza kwa nesi akapate elimu kamili, kisha aseme kwa lugha yake. Neno la kondomu likitoka kwake lina uzito ambao bango halina. Akiwa hapo, awakumbushe wazazi chanjo ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu.

Na ukiona yote haya ni usumbufu wa bure, tazama Mwanza. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walilinganisha jamii 12. Kwenye nusu yake, vituo vya kawaida vya afya viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa: watumishi walifundishwa, dawa zikapelekwa. Maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa takriban asilimia 40. Ni zahanati kama hizi za kwetu.

Mwisho, dirishani. Msizunguke na maumivu ya mgongo. Semeni: “Tumekuja wawili, tunataka kupima VVU na magonjwa ya zinaa.” Wengi hupewa majibu ya VVU wakanyanyuka kwa furaha. Ninyi bakini kwenye benchi, mtaje kaswende kwa jina lake, mtaje na uchafu wowote unaotoka, hata kama ni kidogo. Na kama kipimo kimeisha siku hiyo, ulizeni kitakuja lini, muiandike tarehe kwenye kadi kabla hamjatoka.