Kesi ya Mkungu wa Ndizi

Kwenye ploti yetu hapa Masimba, kesi za choo na kamba ya kuanikia nguo ziliisha faiba ilipoingia. Siku hizi kesi ni moja tu: nani amemaliza intaneti.

Mshukiwa ni yule kijana wa chumba cha mwisho. Mpira ukianza kukwamakwama kwenye televisheni ya mzee jirani, ukuta unagongwa: "We kijana, punguza!" Kijana anaapa kwamba anasoma. Milio ya bunduki ya hicho kitabu inasikika hadi barabarani.

Hatimaye fundi akaja, akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akafungua kisanduku cheusi. Ndani hamna betri wala stima, ni kioo tu kinachogawa mwanga. Uzi mmoja unaingia, nyuzi kadhaa zinatoka, na mgao ukikamilika uzi huo huhudumia nyumba 32, hata 64. Zote zinagawana gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Unachotuma hupewa zamu, sehemu ndogo mno ya sekunde, ili mianga isigongane.

"Yaani tuko foleni na hakuna anayesukuma?" mama wa duka akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi hiyo foleni si ya Kenya."

Mzee naye alitaka kujua kuhusu data inayoshuka. Fundi akamweleza kwamba mwanga ushukao hufika kwa kila nyumba, ila kila kifaa hufungua cha mwenyewe tu.

"Kwa hivyo filamu za huyu zinapita kwangu?"

"Zinapita, Omogaka, lakini zimefungwa kwa ufunguo."

Mzee akaonekana kusikitika kidogo.

Fundi akaingia kwa mzee kupima mwanga. Kipimo kikasoma hasi 29, ilhali kifaa kinataka usipungue hasi 27 hivi. Akaufuata waya hadi jikoni. Ulikuwa umezungushwa kwenye msumari, na juu ya msumari huohuo kumening'inizwa mkungu wa ndizi. Uzi wa kioo ukikunjwa hivyo, mwanga huvuja. Mkungu ukashushwa, waya ukanyooshwa, kipimo kikapanda hadi hasi 21.

Mwanga ulioondoka Fujairah, ukapita chini ya bahari kwa kebo ya TEAMS iliyotua Mombasa mwaka 2009, ukavuka nchi nzima hadi milima ya Gusii bila kuchoka, umekuja kushindwa na ndizi za Masimba!

Kijana akadai haki yake hadharani. Fundi akamtetea kwa hesabu: hata nyumba 64 zikiwasha pamoja, kila moja inaweza kupata megabiti 39 hivi, na filamu yenye picha safi inahitaji kama 5 tu. Huyu hajamnyima mtu chochote.

Mzee akawaza kwa makini, akihesabu kwa vidole.

"Sasa hizo 34 zake zinazobaki," akasema, "haziwezi kuletwa kwangu?"