Raketi Hii Haiui Mbu

Hapa Dar es Salaam ukitaja raketi, watu wanajua unasemea ile ya kuulia mbu: ya plastiki, inachajiwa ukutani, mbu akigusa waya inalia "tap!" na harufu ya kuungua inafuata. Ndiyo maana mgeni akikaribishwa sebuleni kwangu akainua macho ukutani, ananiuliza kwa huruma, "Mzee, huku kwenu mbu wamekithiri kiasi hiki?" Mwenye adabu zaidi anauliza swichi iko wapi.

Hazina swichi. Ni raketi za tenisi, za zamani, na nazikusanya. Hapo linakuja swali la pili, ambalo linaniudhi kuliko la kwanza: "Kumbe unacheza?" Sichezi. Goti langu la kulia lilijiuzulu enzi za Mkapa na halijawahi kuomba kurudi kazini. Mtu akikusanya viwanja asivyojenga, anaitwa mwekezaji. Mimi nikikusanya raketi nisizochezea, mke wangu anavutwa pembeni na kuulizwa hali hii ilianza lini.

Nadhani wangenisamehe kama zote zingekuwa tofauti. Zipo chache za hivyo, na hizo wageni wanazielewa. Ipo Dunlop Maxply ya mbao, jamii iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931, ikashikwa na Rod Laver na baadaye sana na John McEnroe. Ipo Wilson T2000 ya chuma, iliyotokana na ubunifu wa René Lacoste, huyohuyo wa fulana zenye mamba. Jimmy Connors aliing'ang'ania mpaka wenzake wakawa wameshahamia kwenye grafaiti. Nyuzi za T2000 hazipiti kwenye matundu ya fremu. Zinapita kwenye vitanzi vya waya uliozungushiwa kichwa kizima, na fundi wa mwisho niliyempelekea aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaniuliza kama sina kazi nyingine ya kumpa. Ipo na Prince ya 1976, ya Howard Head, aliyekuwa amekwisha kupata utajiri kwenye skii za theluji kabla hajaamua kwamba kichwa cha raketi kiwe na inchi 110 za mraba, wakati zile za mbao hazikufika hata 75. Mama mkwe anaiita ungo.

Kesi yangu ni zile nyeusi. Wilson Pro Staff, kichwa cha inchi 85, mistari myembamba ya nyekundu na njano. Ninazo kadhaa, nimezipanga safu moja, na asiyejua anaona raketi ileile imerudufiwa. "Si ungebaki na moja tu?" ananishauri shemeji yangu, mtu mwenye jezi nane za Yanga kabatini.

Nakaa naye chini, namweleza. Fremu ni grafaiti iliyosukwa pamoja na kevla, uzi unaotumika kwenye fulana za kuzuia risasi. Zilianza kutengenezwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zile za kwanza kabisa hazina ule ukingo wa plastiki unaolinda kichwa kisikwaruzwe na ardhi. Kisha kazi ikahamia St. Vincent, kisiwa cha Karibiani ambacho kingeingia ndani ya Unguja mara nne na nafasi ikabaki. Kisha Taiwan. Kisha China. Rangi zikabaki zilezile, kichwa kilekile, nyuzi 16 za kusimama na 18 za kulala. Sasa Pete Sampras, aliyechukua mataji yake yote 14 makubwa akiwa na Pro Staff hii, yeye alitaka za St. Vincent tu. Akawa anazisaka kila pembe, anazibandika vipande vya risasi hadi zinafika karibu gramu 400. Tangu hapo kila mkusanyaji anataka ya kisiwani, na bei yake ikaacha kuzungumzika mbele ya watoto.

"Kwa hiyo hii ni ya St. Vincent na hii ya Taiwan," anasema shemeji.

Ndiyo.

"Na tofauti yake ni nini?"

Hii ni ya St. Vincent. Na hii ni ya Taiwan.

Nikampa mfano mkubwa. Wimbledon ya mwaka 2001, Sampras alipotolewa kwa seti tano na kijana wa miaka 19 aitwaye Roger Federer, wote wawili, huyu upande huu wa wavu na yule upande ule, walishika Pro Staff ya inchi 85. Shemeji akafikiri, akasema basi raketi haina maana yoyote, kwa sababu zilikuwa sawa na bado mmoja alifungwa. Chai ya pili hakupewa.

Kuzipata zenyewe ni mateso mengine. Raketi huingia nchini bila mwenyewe, zimejificha kwenye belo la viatu au mabegi ya michezo, na zinaishia kwa vijana wa mitumba, chini, kati ya helmeti ya baiskeli na kiatu cha kuteleza kwenye barafu ambacho nacho hakuna anayejua kimefuata nini huku. Sheria ya pale ni moja: usionyeshe kwamba unajua. Ukiishika bila kuitazama, ni elfu tano. Ukivaa miwani, elfu kumi na tano. Ukigeuza mpini ukasoma chini yake, kijana anavuta kiti, anakaa, anasema taratibu, "Mzee, hiyo ni orijino ya Ulaya."

Imeandikwa Taiwan. Nikamwonyesha. Akaisoma, akairudisha mkononi mwangu. "Basi ni Taiwan ya Ulaya."

Na kusoma chini ya mpini ni lazima. Pale kwenye kitako, kwenye nembo, kuna herufi zilizopigwa kiwandani, na wanaozijua wanazitumia kupanga ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Ila herufi peke yake hazitoshi, kwa sababu kitako ni plastiki iliyofungwa kwa pini. Raketi ikivunjika, kitako chake kinang'olewa na kupachikwa kwenye nyingine. Kwa hiyo unavua gripu kidogo, kama muuzaji hajakasirika, unaangalia matundu. Yakiwa mawili mawili, kitako hicho kimeolewa mara ya pili. Halafu unahesabu nyuzi, au matundu yake kama nyuzi hazipo. Halafu unatafuta yale mavimbe mawili ya pembeni mwa kichwa, saa tatu na saa tisa, yaliyowekwa kuongeza uzito ili raketi isipinduke mkononi mpira ukigonga pembeni. Yote haya unayafanya huku umechuchumaa juani, na kijana anakuuliza kila dakika, "Mzee, unanunua au unaisomea?"

Ukifika nayo nyumbani, hali ya hewa inakungoja mlangoni. Grafaiti haisumbuki na unyevu, lakini mbao! Raketi ya mbao ni tabaka nyembamba zilizobandikwa kwa gundi na kukunjwa, na zinangoja kisingizio tu zirudi zilivyokuwa. Wazungu walijua, ndiyo maana wakaiwekea kibanio, ile fremu ya mbao yenye skrubu nne kwenye kona, unaikaza raketi ikiwa imelala ndani. Hiyo ni kwa mvua za Uingereza. Mvua za masika za hapa, ukuta wenyewe unatoka jasho. Maxply yangu, yenye ile herufi ndogo shingoni inayokwambia kama ni nyepesi au ya wastani, sasa hivi ukiitazama kwa ubavu inaangalia Kigamboni. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa ng'ombe, na panya wa mtaani kwetu hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilipoitoa nje ikapigwe upepo, dada wa kazi akaiona imekaa bure, akaikung'utia mikeka. Nikalalamika. Akaniambia mikeka imetakata.

Kuna suala la mizani pia. Mke wangu anapika keki za oda na ana mizani ya kupimia unga, ya namba, inayosoma mpaka gramu moja. Mkusanyaji hawezi kuishi bila chombo hicho, maana raketi mbili za jina moja, kiwanda kimoja, herufi zinazofuatana, zinaweza kupishana gramu kadhaa, na uwiano wa kichwa na mpini ukapishana pia. Viwandani wanakubali kupishana huko. Mimi nataka kujua kumepishana kiasi gani. Mke wangu anasema mteja wake wa keki ya arusi hataki kujua. Anadai eti alikuta kipande cha gripu ya mwaka 1985 karibu na sukari ya unga. Eti.

Na bora hata hao wa nyumbani, kuliko wachezaji wenyewe. Unajitahidi, unajifunza rangi na mistari ya kila toleo, halafu unagundua kuwa mastaa wanaoonekana kwenye televisheni mara nyingi hawashiki kile kilichoandikwa. Kampuni inataka kuuza toleo jipya. Mchezaji hataki kuachana na fremu aliyoizoea tangu ujanani. Wanaafikiana kwa brashi. Fremu ya zamani inapakwa rangi za mpya, watoto wa watu wanakimbilia dukani kununua mpya ya kweli, bingwa anaendelea na ya zamani. Kampuni ya Head ilikuwa na fremu ya namna hiyo, PT57, iliyotokana na Pro Tour 630, ambayo ilivalishwa sare za kila msimu kwa miaka na miaka. Hili nimemweleza shemeji pia. Alichoelewa ni kwamba hata mimi nipake rangi nyeusi zozote nitakazoziona, nipumzike.

Mpwa wangu anaishi Toronto. Huko, kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, raketi hizi zinauzwa dola chache, zimetupwa kwenye pipa moja na vijiti vya magongo. Nilimtumia maelekezo: nyeusi, mistari miwili, inchi 85, aangalie imeandikwa wapi. Alikuja likizo Desemba, akatoa kwenye begi mfuko mzuri, bado una lebo. Ndani kuna raketi mpya kabisa, ya bluu. "Anko, ile uliyoniambia niliiona, ila ilikuwa imechakaa sana. Imeandikwa sijui Saint nani. Nikaona aibu kukuletea kitu cha hivyo." Nilimshukuru. Nilienda chumbani nikakaa kidogo, nikarudi nikamshukuru tena, kwa kuwa mama yake alikuwa ananiangalia.

Mtu pekee anayenielewa yuko Mombasa. Hatujawahi kuonana, tunajuana kwa simu, na ni mbishi kuliko mahakama ya rufaa. Anadai anayo ya Chicago isiyo na ukingo. Mimi nasema ukingo umechomolewa. Yeye anasema nina wivu. Usiku mmoja simu yangu ilikuwa inachaji mezani, mimi naoga, ukaingia ujumbe, na mke wangu akausoma wote kwa sauti mbele ya mama mkwe: "Ndugu yangu, nitumie picha ya kitako. Ya karibu, mwanga uwe mzuri. Jana ulinitumia kimefunikwa, leo nataka kikiwa wazi."

Nilitoka bafuni na sabuni masikioni. Nikaeleza. Nikachukua raketi, nikaonyesha kitako, nikaonyesha herufi, nikaonyesha matundu ya pini. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aelekezwe choo kilipo, ingawa ameishi nasi mwaka wa nne huu.

Sasa bwana huyo anakuja Jumamosi kwa basi la usiku, na hiyo anayoiita ya Chicago, tuzilaze mezani pamoja ubishi uishe. Mke wangu amekubali alale sebuleni, chini ya neti, kwa sharti kwamba maongezi yetu yote tutayafanyia barazani, kwa sauti ya kusikika, na neno lile tutafute lingine. Nimemwambia aje na mizani yake. Ya hapa imehamia kwa jirani, na jirani ameambiwa asinifungulie.